Picha ya Kifua cha Mwalimu

Fundi Obadia tumemzika Ipelele mwezi uliopita. Baridi ya siku ile, bwana, machozi yalikuwa yanaganda kabla hayajafika kidevuni, watu wanayabandua kwa kidole wanayatupa. Haya, nimeongeza kidogo. Lakini mchungaji alisoma Neno huku mvuke unamtoka mdomoni kama sufuria ya viazi, na sisi wa kubeba jeneza tulikuwa tunagombania nafasi, maana anayebeba anapata joto. Jamaa mmoja alikuja na amplifaya ya kutangazia, kidude chepesi kama mkoba wa shule, unakibeba kwa vidole viwili. Kikapiga kazi kuanzia asubuhi mpaka saa tisa: mahubiri, kwaya, wasifu wa marehemu, shukrani za familia, na mimi kwa mazoea yangu nikasogea nyuma yake, nikaweka kiganja mgongoni mwa kile kidude kusikiliza joto. Hamna. Baridi kama chura. Jamaa akaniambia, "Mzee, hizi za siku hizi hazichemki, we kaa tu." Nikakaa. Nilikuwa nimekuja kumzika mtu ambaye ufundi wake uliuawa na joto, na kwenye maziko yake joto halikuja hata kutoa pole.

Watu walipomaliza kula, Mama Upendo, mke wa Fundi, akaniita jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, kanga imemfunika mpaka puani, akanisogezea viazi vitatu kwenye sahani ya bati, kama alivyokuwa ananisogezea zamani. Halafu akatoa bahasha kubwa ya kaki, imepigwa moshi mpaka rangi yake imekuwa kama ya mkate. "Shemeji, hii ilikuwa chini ya boksi lake la vifaa," akasema. "Miaka yote hiyo. Mimi nilidhani aliichoma." Niliijua kabla sijaishika. Bahasha za hospitali zina umbo lake, ndefu, bapa, ukiitikisa ndani panalia kama bati jepesi. Sikuifungua pale, niliogopa viazi visishuke. Nimeifungua hapa Makambako, kwenye kibanda changu cha ufundi, na ndiyo imenifanya nishike kalamu, mimi ambaye darasa langu ni la nne, na hilo la nne lenyewe nilisomea nje ya dirisha.

Mwaka wa bahasha hiyo nilikuwa na miaka ishirini na tatu, kazi yangu kupakia mbao kwenye malori pale Njombe mjini. Nilikuwa na nguvu za kubeba mti ukiwa bado umesimama. Nikawa na redio, ikafa, nikaipeleka kwa Fundi Obadia nyuma ya soko. Akaniambia njoo kesho. Nikaenda kesho, akaniambia njoo kesho. Siku ya nane nikaona isiwe tabu, nikakaa palepale niisubiri hiyo kesho, nikakaa mwaka mzima. Redio yenyewe hakuitengeneza mpaka leo. Lakini alinifundisha kushika chuma cha risasi, kile cha moto cha kuungia waya, kusoma mita ya umeme, kusikiliza spika kwa sikio moja huku jingine nimeliziba, na kabla ya mvua kwisha tulikuwa tunagawana kazi nusu kwa nusu, yeye anafikiri, mimi naongea.

Chumba chetu kilikuwa cha mbao, kirefu kama jeneza la twiga, kimoja tu kwa kazi zote. Mbele meza ya kazi na maredio yaliyofunguliwa matumbo, nyuma jiko la mkaa la Mama Upendo, na kitoto Upendo kinatambaa katikati kinakula vipande vya waya. Ukutani kulikuwa na mwanya kati ya mbao na mbao, upande wa pili ni saluni ya kina mama, kwa hiyo sisi tulijua habari za Njombe nzima kabla wenyewe hazijawafika. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Kila siku alikunywa pakiti moja ya maziwa, ile ya nailoni nzito, kwa sababu mafundi wote tunaamini kinachosafisha moshi wa risasi kifuani ni maziwa. Akimaliza anaiosha ile pakiti, anaianika kwenye kamba. Sijui alikuwa anaziweka za nini. Zilining'inia pale zaidi ya mia, upepo ukiingia zinapiga makofi.

Basi mwezi wa tano, asubuhi moja ya ukungu, ikaingia blanketi. Nasema blanketi kwa sababu mtu aliyekuwa nyuma yake sikumwona. Kumbe ni Mwalimu Zakayo, mwalimu wa kwaya wa usharika wa Makambako, amebeba amplifaya ya kanisa ameivisha blanketi, yeye mwenyewe hana koti. Mwalimu Zakayo nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Sauti ile, bwana, ilikuwa inatoka Makambako saa kumi na mbili asubuhi, inafika Njombe saa nne ikiwa imechoka kidogo tu. Lakini siku ile alipofungua mdomo kikatoka kitu kama mtu anachekecha unga.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene, Mwalimu. Sauti umeiacha wapi?"

"Imetangulia," akasema, na akacheka bila kutoa mlio.

Akakaa kwenye boksi, Mama Upendo akampa chai ya rangi, akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kuinywa. Akatueleza taratibu, maneno matatu, anapumzika, maneno matatu. Kifua kimeharibika. Hospitali wamepiga picha, wameangalia, wamemwambia akae na watu wake. Mwezi wa kumi na moja kuna mkutano wa kwaya Makambako, sharika zote za huku juu zinakuja. Yeye ametunga wimbo, miaka miwili ameutunga, unaanza na mtu mmoja peke yake, beti nzima, halafu kwaya ndiyo inaingia. Huyo mtu mmoja ni yeye.

"Si umpe mwingine aanze?" nikamuuliza. "Wewe simama pembeni upunge mikono."

Akaniangalia. "Festo, mwingine akianza, utakuwa wimbo wa kwaya," akasema. "Mimi nataka wausikie ukitoka kwangu. Mara moja tu. Haka kasauti kalikobaki, amplifaya inaweza kukabeba. Nimejaribu kwa redio ya jirani yenye kipaza sauti, kanasikika. Lakini kanataka chombo kikubwa." Akaigonga ile amplifaya kichwani kama anambembeleza ng'ombe. "Kikubwa ndicho hiki, na kimekufa."

Fundi akaifungua. Ilikuwa ya zamani, nzito kama dhambi, mgongoni ina hitisinki, kile kipoza joto cha aluminiamu chenye mbavu mbavu, na juu ya hitisinki zimekaa transista nne za kofia, zile za chuma zenye umbo kama yai limekandamizwa. Zote nne zimeungua. Hizo tukaagiza Dar, zikaja na basi, mpya, zinang'aa mpaka Upendo akataka kuzilamba. Lakini transista ya kofia ina tabia yake. Mwili wake wote una umeme, na hitisinki haitakiwi kuguswa na huo umeme, ila inatakiwa ipokee joto lake lote, la sivyo transista inajichemsha yenyewe mpaka inakufa. Kwa hiyo katikati unaweka kitu chembamba kinachozuia umeme lakini kinapitisha joto. Nilivyoelewa mimi ni kama mlinzi wa arusi, mtu hapiti, lakini harufu ya pilau inapita. Kitu hicho kinaitwa mika, kinafanana na kioo laini, unakibandua tabaka tabaka kama kitunguu. Za zamani zilikuwa zimepasuka zote, na Dar walituma transista bila mika. Tukapiga simu, wakasema mika tafuteni hukohuko.

Hukohuko! Fundi akasema mika inapatikana ndani ya pasi ya umeme iliyokufa, ndiyo inashika ule waya unaopata moto. Nikafurahi, nikasema pasi tu? Nikazunguka Njombe nzima siku nne, mlango kwa mlango, naomba pasi mbovu. Watu wakanionea huruma. Kila nyumba wananitolea pasi, na kila pasi ni ya mkaa. Ina jogoo juu ya mfuniko, ina tundu za moshi, na ndani ina majivu, mika hata ya dawa hamna. Nimeona pasi za mkaa zenye umri mkubwa kuliko mchungaji. Mwishowe nikafika misheni kwa Wakatoliki, sista mmoja mzee akanitolea pasi ya umeme nyeusi kama kiatu. "Hii ilikufa Pasaka," akasema. "Tuliiombea, ikashindikana." Nilirudi nimeikumbatia kama nimeiba mtoto. Fundi akaifungua kwa bisibisi, akabandua, akakata, akapata mika mbili nzima na vipande vya kutupa. Mbili. Sisi tunataka nne.

Upande wa pili wa mbao nikasikia mama mmoja anaulizwa, "Wamepata?" Akajibu, "Wamepata mbili, za Kikatoliki." "Na kanisa ni Lutheri?" "Lutheri." Yule wa kwanza tena, "Sasa zitaelewana?" Mama Upendo alicheka mpaka akamwaga kande.

Zile mbili za Kikatoliki tukazifunga, zikakaa. Kwa ajili ya mbili zilizobaki, mwezi mzima tukawa watu wa ajabu. Tukalowesha karatasi ya daftari kwenye nta ya mshumaa. Umeme ikauzuia vizuri sana, na joto nalo ikalizuia, transista ikachemka hadi ungekaangia yai. Tukajaribu karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, umeme ukapita unapiga mluzi. Mimi nikaleta gamba la kitunguu, maana kwa macho ni mika kabisa, Fundi akalishika, akaliangalia kwenye mwanga, akaniangalia mimi, akalirudisha kwenye mboga. Kwenye saluni wakawa wanahesabu. "Jana mshumaa, leo kitunguu, kesho watakuja kutuomba kucha." Leo nikikumbuka hivyo vicheko najiuliza kama kuna siku nilinyamaza mwaka ule. Nadhani hamna. Nilidhani kazi yangu ni kuhakikisha chumba kile hakikai kimya hata dakika moja, kwa sababu kikikaa kimya tunaanza kusikia kile kifua cha Mwalimu hata kama yupo Makambako.

Mwezi wa sita Mwalimu akaja kuangalia maendeleo. Alifika asubuhi, mimi nilikuwa soko kununua viazi, akamwachia Fundi bahasha, akaenda kusalimia ndugu yake. Mchana akarudi tukala. Namkumbuka vizuri alivyokaa, ameegemea ukuta, sahani imo magotini, anamenya kiazi kwa kucha polepole kama anafungua barua. Amekonda, shati limebaki kuvaliwa na shingo tu. Fundi akatoa kwenye bahasha ile picha ya eksirei, akaiweka juu ya mwanga wa mlango. Mbavu zote tukaziona, na ndani yake ukungu mweupe, kama Njombe ya asubuhi.

"Ni nailoni ngumu," Mwalimu akanong'ona. "Nimesikia mafundi wengine wanaitumia. Mimi hainisaidii tena. Kateni."

Fundi akachukua mkasi. Picha ilikuwa imejaa kifua chote, ukingo mtupu ulikuwa mwembamba kama kidole, kofia ya transista haienei pale. Kwa hiyo ukitaka kukata lazima uingie mbavuni. Akageuza picha mara mbili, akaweka mkasi pale chini kulia, akasita. Mama Upendo akaacha kukoroga. Hata saluni kulikuwa kimya, walishachungulia. Na mimi, mtu wa kufukuza kimya, nikasema, "Fundi, kata taratibu hapo, ukigusa pafu Mwalimu atakohoa."

Tulicheka, bwana. Saluni walicheka, Mama Upendo alicheka huku ananipiga na mwiko, Mwalimu mwenyewe alicheka zaidi ya wote, akatupa kichwa nyuma. Halafu kile kicheko chake kikageuka. Akakohoa. Akakohoa mpaka sahani ikaanguka, mpaka kiazi kikabiringika chini ya meza, mpaka Mama Upendo akamshika mabega kwa nyuma kumzuia asianguke mbele. Kikohozi kile kilikuwa kirefu kuliko ibada. Alipomaliza akajifuta, akasema, "Endelea, Fundi." Lakini Fundi alikuwa ameshauweka mkasi mezani. Alirudisha picha kwenye bahasha, akaifunga. "Kifua cha mtu aliye hai siwezi kukikata, Mwalimu," akasema. "Nitatafuta kitu kingine." Mwalimu hakubishana. Nguvu za kubishana alikuwa amezimalizia kwenye kikohozi.

Kitu kingine kilikuwa kinapiga makofi juu ya vichwa vyetu muda wote. Kesho yake Fundi akaangua pakiti moja ya maziwa kwenye kamba, akaivuta, akaikunja, akaipima na mita. Umeme haupiti. Akaikata kwa umbo la kofia, akatoboa tundu mbili za skrubu, akapaka mafuta meupe ya kupitisha joto, akafunga. Nyingine hivyohivyo. Tukaiwasha. Joto linapita! Nilimkumbatia Fundi mpaka miguu yake ikaacha ardhi. Nikasema tutawauzia Wajapani hii akili.

Tulipima kama watu wenye akili, hilo sitakubali mtu atucheke. Siku tatu nzima za mwezi wa saba tuliitoa amplifaya nje mlangoni, maana ndani hapatoshi, tukaweka kaseti, tukafungulia mpaka mwisho kuanzia asubuhi hadi jioni. Soko zima lilicheza. Wauza viazi wa kutoka Iwawa walikuwa wanapima viazi kwa mdundo. Na mimi kazi yangu kuweka kiganja kwenye hitisinki kila baada ya muda na kutangaza. "Vuguvugu!" natangaza. Siku ya tatu jioni, "Vuguvugu, Fundi, kama tumbo la ndama!" Sasa nisikilize. Asubuhi hizo tatu majani yalikuwa meupe kwa barafu. Ndoo ya maji ilikuwa na kioo juu, Mama Upendo anakivunja kwa mwiko. Njombe ya mwezi wa saba ukiweka kaa la moto mezani linaomba blanketi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba anayeipoza ile amplifaya si hitisinki wala pakiti, ni Njombe. Tulizaliwa ndani ya baridi ile, tulikuwa hatuihesabu. Utamwuliza samaki habari za maji?

Mwezi wa kumi na moja tukashuka Makambako. Wanaoijua wanaijua, kabla mvua hazijashika jua linapiga na upepo unabeba vumbi, kofia ya mtu inatoka stendi inakwenda kulala Mafinga. Ukumbi ulikuwa wa bati tupu bila dari, watu wamejaa mpaka madirishani, kina mama wanajipepea na vitabu vya nyimbo, na kwa sababu ya lile vumbi waliyafunga madirisha ya upande mmoja. Jasho lilikuwa linatoka hata kwenye sanamu ya kalenda. Amplifaya tuliiweka kwenye meza pembeni ya madhabahu, wakaifunika kitambaa cheupe ipendeze, Fundi akakitoa, mama wa mapambo akakirudisha, Fundi akakitoa tena. Kwaya tano ziliimba kupitia kwetu, na ilibeba vizuri. Nikaweka kiganja, nikakitoa haraka. Nikamwambia Fundi, "Imepata moto." Akasema, "Imebaki moja tu." Moja ilikuwa ya Mwalimu.

Alisimama amevaa suti ambayo ndani yake wangekaa akina Mwalimu watatu. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama kile kikombe cha chai. Akafumba macho, akaanza.

Na ikaja. Sijui nikueleze vipi, na safari hii siongezi. Ile ya kuchekecha unga iliingia kwenye waya, ikatoka kwenye spika ikiwa sauti ya mtu mzima, nzito, ina mikwaruzo kidogo kama jembe kwenye udongo wenye mawe, inajaza ukumbi kuanzia chini. Watu waliokuwa wanajipepea wakaacha. Mzee mmoja mbele yangu akasimama bila kujua kwamba amesimama. Aliimba mstari wa kwanza wote. Mstari wa pili alifika maneno mawili. Halafu spika zikatoa mngurumo kama lori linapanda kilima, prrrr, moshi ukatoka mgongoni mwa amplifaya, na kimya.

Fundi alishaichomoa kwenye umeme. Lakini Mwalimu hakuacha. Macho amefumba, mdomo unafunguka, unafunga, kifua kinapanda, kinashuka. Aliimba beti nzima mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mbali naye kama kutoka hapa hadi pale kwenye mlango, na sikusikia hata neno moja. Hakuna aliyesikia. Watu zaidi ya mia nne, wote tumenyamaza kabisa ili tusikie, na bati tu ndilo linalia kwa upepo. Alipofika mwisho akawapa kwaya ishara kwa kidole, na wao wakaingia, wanalia, wanaimba, na waliimba vizuri, na wale wa nyuma wakapiga makofi.

Tuliifungua nje, chini ya ukuta wa kanisa. Mika mbili za Sista zilikuwa zima kabisa, safi, ungeweza kuzirudisha kwenye pasi. Zile pakiti mbili zilikuwa zimelainika na kuyeyuka kama siagi, skrubu zimezikamua pembeni, chuma kimekutana na chuma. Kwenye kipande kimoja yalikuwa yamebaki maandishi nusu, "maziwa fre". Fundi alikiweka mfukoni. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, kuna mtu anampepea. Nikaenda kukaa naye. Akanigeukia, akaweka mdomo karibu kabisa na sikio langu ndipo nikamsikia.

"Festo," akasema. "Chekesha, basi."

Nilitafuta. Ninakuapia nilitafuta kila mahali. Mimi ambaye msibani naombwa ninyamaze, nilikaa pale nimefungua mdomo, na hakikutoka kitu. Tukawa wawili, wote midomo wazi. Akanipiga piga goti, akaangalia mbele.

Krismasi hakuifikia. Fundi alifunga kile chumba Njombe kabla ya mwezi wa pili, akaniachia mita na chuma cha risasi, akarudi kwao Ipelele kulima viazi. Nilikwenda kumwona mara nyingi. Tuliongea mbolea, tuliongea bei ya gunia, tuliongea ukungu wa majani. Redio ya nyumbani kwake ikiharibika alikuwa anaipeleka kwa fundi mwingine. Na ule wimbo unaimbwa mpaka leo, huku juu kote, nimeusikia hata Mawengi kwenye arusi. Anauanza yeyote mwenye sauti. Ukiwauliza ni wa nani wanakwambia ni wa kwaya.

Mimi nilifungua kibanda hapa Makambako. Siku hizi vya kuweka chini ya transista badala ya mika vinauzwa kwa pakiti, vya raba ya kijivu, laini, vimeshatobolewa tundu, huhitaji hata mafuta. Nina boksi zima nimelikalia kama kiti, kwa sababu hakuna anayevihitaji. Watu hawatengenezi amplifaya, ikifa wanatupa wananunua kale ka mkoba wa shule.

Juzi ndiyo nikaifungua bahasha. Nikaiweka picha dirishani. Mbavu zilezile, ukungu uleule. Na chini kulia, juu ya mbavu tatu za mwisho, kuna michoro ya kalamu ya bluu ambayo siku ile sikuiona. Maumbo mawili ya kofia ya transista, yamechorwa taratibu kwa kuzungushia transista yenyewe, na tundu mbili za skrubu kila moja, zimewekewa alama ya msalaba pa kutoboa. Hazikukatwa. Lakini kwenye kona ya ukingo, pale pasipo na mtu, kipande kama ukucha hakipo. Nikampigia simu Mama Upendo.

"Shemeji, hii kona nani aliikata?"

"Ni mume wangu," akasema. "Siku ileile Mwalimu alipoileta asubuhi. Wewe ulikuwa soko. Alikata kakipande, akakaweka kwenye kitako cha pasi yangu ya mkaa, ina moto kabisa, akakaacha mpaka chai ikachemka. Hakakuyeyuka. Akakapima na ile mita. Akaniambia, Mama Upendo, imepatikana. Alikuwa na furaha, sijamwona hivyo. Akakaa akachora." Nikasikia anavuta pumzi, na nyuma yake jogoo wa Ipelele anawika. "Halafu mkala. Halafu mkacheka."

Hakunilaumu. Alikuwa anapanga tu mambo yalivyofuatana, kama mtu anayesimulia alivyopika. Nilimwambia asante, nikamwambia asalimie watoto, nikakata simu, nikaikumbuka sahani ya bati na mwiko na vile Fundi alivyouweka mkasi chini taratibu usitoe mlio. Miaka yote ile tuliongea viazi, na yeye alikuwa anajua kwamba ile picha isingeyeyuka.

Picha nimeiacha dirishani. Mchana jua la Makambako linapita ndani yake, mbavu zinalala juu ya meza yangu ya kazi, zinasogea polepole mpaka jioni. Wateja wakija wanaiangalia. Jana dereva mmoja wa malori amekuja na chaja yake, akaikodolea macho, akauliza, "Mzee, hicho kifua cha nani?" Wananijua kwa uongo wangu, walishavuta mabenchi wakae, wanasubiri niseme ni cha simba, ni cha Mjerumani, ni cha mama mkwe. Nikainama nikafungua chaja yake.

"Sijui," nikamwambia.